Kiatu cha Kidole

Fundi alizungusha uzi wa nta kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, akabana kiatu kati ya magoti, akavuta. Uzi ulikaza nusu tu, akauachia. Akapuliza kidole. Alijaribu kuuzungushia kwenye kidole cha jirani, lakini huko uliteleza, na kishono kikabaki kimelegea kama kamba ya kuanikia nguo.

Akakifumua. Hakikuwa cha kwanza kufumuliwa asubuhi hiyo.

Kiatu kilikuwa cheusi, cha mguu wa kushoto, na soli yake ilikuwa nene kuliko ya mwenzake. Mwenye viatu alikuwa Mpishi, mwanamke aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi kidogo. Kila viatu vyake vinapokwisha huja hapa, na fundi humwinulia soli ya kushoto kwa tabaka za ngozi. Tabaka hizo hazishikwi na gundi peke yake, kwa kuwa gundi na mvuke wa jikoni havipatani. Lazima zishonwe kwa mkono: fundi hutoboa kwa msharasi, hupitisha uzi huku na huku, kisha huvuta mpaka kishono kizame ndani ya ngozi. Keshokutwa Mpishi angeanza kazi mpya katika jiko la hoteli, kazi ya kusimama kutwa.

Kutoboa hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuvuta.

Miaka yote ya kazi fundi alikuwa na sugu upande wa nje wa kidole cha mwisho, pale uzi unapopita. Ilikuwa ngumu kama ukucha, na katikati ilikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na uzi wenyewe. Aliweza kuvuta uzi mpaka ukatoa mlio, asisikie kitu. Sasa sugu hiyo haikuwapo. Mahali pake palikuwa na ngozi nyororo, laini kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Aliiondoa mwenyewe, kwa dawa, kila jioni, kwa utaratibu mzuri kabisa. Aliiondoa kwa sababu mkwe wake alimwambia.

Mkwe huyo alikuwa mke wa mwanawe, ndoa bado mbichi. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya ngozi hospitalini, msichana mpole, mwenye sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Siku moja walipokuja kula chakula cha mchana, alichukua birika na beseni akaanza kuwanawisha wakubwa mikono. Alipofika kwa baba mkwe, maji yalichelewa kidogo kutoka.

"Baba, unisamehe kukutazama mkono," alisema kwa sauti ya chini. "Hiyo sugu ya kidoleni inatibika. Nikuletee dawa?"

"Niletee, mwanangu," fundi alijibu. Mtu atamwambia nini tena mkwe aliyesimama mbele yake na birika?

Kichupa kililetwa pamoja na maelekezo. Aloweke kidole katika maji ya uvuguvugu, asugue taratibu kwa tupa ndogo ya kucha, akaushe, apake tone, aache likauke, afunge. Fundi aliyafuata yote bila kuruka hata moja. Moyoni alijiuliza sugu ya kazi imekuwa ugonjwa tangu lini, lakini hakumlaumu mtoto wa watu. Watu wa hospitali wana macho yao. Huenda kwao wazee wana mikono laini, na huenda ilimtia kinyaa kula meza moja na mkono kama ule, akatafuta njia ya adabu ya kusema. Basi akaitoa sugu yake, jioni baada ya jioni, kama mtu anayemhamisha mpangaji mwema.

"Umefumua tena?" Mkewe alitokea kwenye mlango wa ndani, kwa maana karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mkononi alishika brashi ya rangi ya viatu.

"Uzi wa leo mkali."

"Uzi ni ule ule. Nilikuuliza, baba watoto, hii dawa ya nini? Ukanijibu mambo ya wakwe hayaulizwi."

"Na hayaulizwi."

"Haya. Sasa mwambie Mpishi naye asiulize."

Mpishi hakukawia kufika. Aliingia akichechemea zaidi kuliko kawaida, maana viatu vyake vya zamani vilikuwa vimelika upande mmoja, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Fundi, chungu kimeiva?"

"Bado kipo motoni."

"Nasikia harufu ya kuungua."

"Hakijaungua. Kimekosa chumvi tu."

Mpishi alikichukua kiatu, akakigeuza, akaona mstari wa vishono ulioanzia kwenye vidole na kukatika ghafla kabla ya ubavu. Akaona na mashimo matupu yaliyofumuliwa. Uso wake ukabadilika kidogo, lakini mdomo haukuacha mzaha.

"Hebu vuta nikuone." Fundi alivuta. "Mbona unauvuta kama unaogopa kuuamsha? Lete hapa. Mimi nashika sufuria za moto kwa mikono mitupu."

Aliuzungusha uzi kidoleni, akavuta kwa nguvu zake zote, akauachia upesi na kuutazama mkono wake.

"Huu uzi una meno," alisema.

"Ndiyo maana mwenye kazi alikuwa na sugu," mke wa fundi akasema. "Tulikuwa nayo. Tumeitibu."

"Mmeitibu sugu?" Mpishi aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Na hilo dude la kwenye kidole cha shahada mmeliacha?"

Fundi alitazama. Kwenye kiungo cha kidole cha shahada, mkono ule ule, kulikuwa na chunjua ya ukubwa wa punje ya dengu, juu imechanua kama koliflawa ndogo, na ndani ina vidoa vyeusi. Ilikuwapo tangu mwaka jana. Aliizoea kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza.

"Hiyo haina neno," alisema. "Haivuti uzi."

Mpishi alicheka. "Fundi, sikuharakishi. Lakini keshokutwa nikienda na hivi vya zamani, nitasimama jikoni kama kabati lililovunjika mguu. Mpishi mkuu ataniwekea kigae chini nisiyumbe. Siku ya kwanza ndiyo watu wanakupa jina, na hilo hutolivua tena."

"Kesho jioni njoo uchukue."

"Kidole kitakubali?"

"Kitakubali."

Alisema hivyo kwa sababu hakuwahi kumwambia jambo lingine. Mpishi alipoondoka, fundi alikaa akitazama kiatu kwa muda mrefu. Mkewe akaitoa simu kwenye mfuko wa aproni.

"Usimpigie," fundi alisema. "Ataona namlaumu."

"Nampigia kumjulia hali. Huyu si mwanangu?" Akaiweka sikioni. "Marahaba, mwanangu. Wazima, wazima kabisa. Baba yako? Kidole chake kimepona, yaani kimepona mpaka kimezidi. Ukitoka kazini pita ukione, uridhike na kazi yako."

Akakata simu, akaenda zake na brashi.

Mkwe alifika jua likiwa limeanza kulegea, sare yake ya kazi ikiwa ndani ya mfuko begani. Aliamkia, akaitikiwa, akanawa mikono, akavuta kigoda karibu na meza ya kazi. Fundi alimnyoshea mkono huku ametazama pembeni, kama watoto wanavyofanya wakidungwa sindano. Muuguzi aliugeuza mkono kwenye mwanga wa dirisha. Akakunja uso.

"Baba, dawa uliitumia?"

"Kila jioni, mwanangu. Naloweka, nasugua, nakausha, napaka, nafunga. Sijaruka."

"Mbona sugu ipo vile vile?"

"Ipo wapi?" Fundi alikiinua kidole cha mwisho kwa namna ya mtu anayeonyesha kaburi. "Hii hapa, imekwisha yote."

"Si hiyo, baba. Hii." Akagusa kidole cha shahada.

"Hiyo si sugu," fundi alisema polepole. "Hiyo ni chunjua."

Mlangoni, mama mkwe aliishusha brashi. Mkwe alitazama kidole laini, akatazama uzi wa nta, akatazama kiatu chenye mashimo matupu, na kila alipotazama mambo yakazidi kumfungukia. Akafunika mdomo kwa kiganja.

"Baba. Umeitoa sugu ya kazi."

"Ulisema sugu."

"Nilishindwa kutamka lile lingine." Aliinamisha kichwa. "Nyumbani kwetu hilo ni neno la watoto kutukanana. Ukimwita mwenzio mwenye chunjua mnapigana mpaka mtenganishwe. Sasa ningelitamkaje mbele ya baba mkwe, tena namnawisha mikono? Nikaona niseme sugu, maana nalo ni jambo gumu la kwenye ngozi. Nikajua utaelewa."

"Na mimi ningekuulizaje, umesimama na birika?"

"Ungeuliza tu, baba."

"Nilidhani mkono wangu unakutia kinyaa."

"Mimi?" Mkwe aliinua kichwa. "Baba, mimi kutwa nashika ngozi za watu. Mkono wako ndio mkono mzuri kuliko yote niliyoishika wiki hii. Ulikuwa mzuri zaidi kabla sijauharibu."

Mama mkwe ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka akashika fremu ya mlango, na wale wawili, baada ya kujizuia kwa heshima, nao wakacheka, kila mmoja akimtazama mwenzake aone kama inaruhusiwa.

"Haya," mama alisema akijifuta macho. "Sasa hiyo chunjua, maana neno limekwisha kutamkwa na hakuna aliyekufa, tuifanyeje?"

Mkwe alikaa vizuri. Sauti yake ikawa ile ya kliniki, lakini bado ya chini.

"Kwanza mjue ni kitu gani. Ni kirusi, kinaitwa papiloma. Kinaingia penye mchubuko mdogo, kisha kinaiharakisha ngozi ikue kupita kiasi."

"Kama mteja," fundi alisema.

"Kama mteja, baba. Matokeo yake ni hayo, kazi ya haraka isiyopendeza."

"Papiloma si ndiye yule wa chanjo ya wasichana shuleni?" mama aliuliza.

"Ukoo mmoja, mama. Ni ukoo mkubwa sana, na kila nyumba ina tabia yake. Hawa wa mikononi wanakera tu. Wale wa chanjo wanakaa kwenye mlango wa kizazi kwa siri, na mabadiliko wanayoleta yakiachwa miaka yanaweza kuwa saratani. Ila yakionekana mapema yanatibiwa pale pale kliniki, mtu akarudi nyumbani siku hiyo hiyo." Akasita. "Mama, wewe ulipima lini?"

"Tulikuwa tunazungumzia mkono wa mzee."

"Nimeuliza tu, mama."

"Nimesikia. Endelea na mkono wa mzee."

Mkwe aliendelea. Alieleza kwamba chunjua nyingi huondoka zenyewe mwili ukishamtambua mgeni, lakini huchukua miezi, wakati mwingine hata miaka miwili, na wakati huo zinaweza kuambukiza vidole vingine na watu wengine. Anayetaka kusaidia mwili anaweza kutumia dawa ile ile ya kichupa. Kazi yake ni kulainisha na kumenya ngozi ngumu, tabaka moja baada ya jingine.

"Ndiyo maana haikuchagua," alisema. "Ukiipaka kwenye chunjua inamenya chunjua, ukiipaka kwenye sugu inamenya sugu."

"Kwa hiyo ni dawa nzuri," fundi alisema. "Nimeiona ikifanya kazi."

"Ni nzuri, ila chunjua ni kaidi kuliko sugu. Inaweza kuchukua wiki nyingi, na wengine haiwasaidii. Hapo ndipo tunagandisha kwa baridi kali, hewa inayofuka moshi kama barafu. Inauma kidogo, panatoka lengelenge, panapona, na baada ya wiki mbili tatu tunarudia. Ikikataa na hapo, daktari anaweza kuikwangua au kuichoma."

"Kuichoma sindano?"

"Hapana, baba. Kuichoma kwa moto wa umeme. Sindano ni ya ganzi, inatangulia."

Fundi alifikiri. "Kwa hiyo nachomwa kwanza, ndipo nichomwe."

"Ndiyo. Unachomwa usisikie unavyochomwa."

"Nani aliyetunga hiyo lugha?" mama aliuliza, na mkwe akacheka mpaka akashika meza.

Fundi hakufanya haraka. Aliuchukua msharasi, akaushika kama anavyoushika kazini, akautazama mkono wake. Kiungo cha kidole cha shahada kilikaa juu kabisa ya mpini.

"Lengelenge hapa siwezi kutoboa," alisema. "Kovu hapa siwezi kukunja kidole sawasawa. Nianze na kichupa. Kikishindwa, viatu vya Mpishi vikiwa vimekwisha kuondoka, nitakuja unigandishe."

"Ndivyo ambavyo ningekushauri, baba. Una sukari? Vidole havifi ganzi?"

"Sina. Vinahisi kila kitu, na leo vimezidi."

"Basi paka kwenye chunjua peke yake, na ngozi ya pembeni uilinde kwa mafuta mazito. Usiichokonoe. Taulo lako liwe lako. Na ile tupa ya kusugulia iko wapi? Isitumiwe na mtu mwingine."

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alitazama brashi.

"Nasugulia visigino," alisema hatimaye.

"Mama."

"Ilikuwa imekaa tu pale bafuni."

"Bahati yako baba alikuwa akisugua sugu. Kuanzia leo kila mtu na yake, na hii ya baba itatupwa dawa ikimaliza kazi."

Ilibaki habari ya kiatu. Mkwe alikishika kile kidole laini kwa muda, sura yake ikiwa ya mtu aliyevunja kikombe ugenini.

"Sugu itarudi yenyewe ukifanya kazi," alisema. "Lakini si kwa kesho." Akatoa plasta kwenye mfuko wake, akakifunga kidole mara mbili, vizuri, kama wanavyofunga hospitali. Fundi alivuta uzi. Uzi ukaikata plasta, ukaifikia ngozi. Wakajaribu plasta nene zaidi, nayo ikakunjamana na kuteleza pamoja na nta.

"Kliniki tuna vifuko vya kuvisha kidole," mkwe alisema, "lakini ni vya mpira mwembamba. Huu uzi utavila." Akawaza. "Laiti vingekuwa vya ngozi."

Fundi alimtazama. Kisha akainama chini ya meza, akavuta boksi la vipande, akapekua kwa utulivu mpaka akapata kipande cha ngozi laini ya ndama kilichobaki kwenye ulimi wa kiatu fulani. Akakilowesha, akakizungushia kidoleni, akaweka alama kwa chaki. Akakata. Akaongeza kipande kigumu cha soli upande wa nje, chembamba, na juu yake akachora mfereji kwa ncha ya msharasi, pale pale ulipokuwapo ule wa zamani. Akashona pembeni kwa uzi mwembamba usiohitaji kuvutwa sana. Mkwe alimshikia mwanga wa simu bila kuambiwa.

Akakivaa. Kilikaa sawasawa.

"Kidole kimepata kiatu," mke wa fundi alisema. "Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kulia. Nacho soli yake imeinuliwa."

Akabana kiatu cha Mpishi magotini, akazungusha uzi, akavuta. Ngozi ililia. Kishono kikazama, kikalala ndani ya soli kimya, kama kinavyotakiwa. Akavuta cha pili. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu asubuhi, yalishuka.

"Nivute kimoja?" mkwe aliuliza.

"Wewe unashona watu."

"Ndiyo maana nauliza. Watu hawahitaji kuvutwa hivi."

Alimwachia. Mkwe alikivaa kile kiatu cha kidole, kikampwaya, akavuta kwa meno yaliyokazwa. Kishono kilikaa upande kidogo. Fundi alikitazama kwa makini, kama anavyotazama kila kitu, na hakukifumua.

Walishona wakipokezana maneno zaidi kuliko uzi, mpaka dirisha likawa halitoi mwanga wa kutosha kuona matundu. Vishono vilikuwa vimepita ubavu na kuanza kukata kona ya kisigino. Kisigino ndicho kigumu zaidi, tabaka zote hukutana pale, na fundi hakutaka kukianza kwa macho yaliyochoka. Akaifunga nta kwenye karatasi yake. Akaacha sindano imechomekwa kwenye ngozi, uzi unaning'inia.

Kisha wakaleta beseni la maji ya uvuguvugu. Safari hii mkwe alikaa naye, akamtazama akiloweka, akamtazama akisugua, na kabla tone halijaanguka akamshika kiganja.

"Kidole kipi, baba?"

"Hiki." Fundi alinyosha kidole cha shahada. "Chunjua."

"Chunjua," mkwe alirudia, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya kwa hatua ya kwanza.

Mama mkwe alikuwa akifagia vipande vya ngozi. Alifagia mpaka karibu na kigoda, akaendelea kufagia mahali palipokwisha kuwa safi.

"Hapo hospitalini kwenu, pale wanapopima kina mama," alisema bila kuinua uso, "kesho mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, mama. Nitakupitia hapa twende wote."

"Sijasema naenda. Nimeuliza saa." Akafagia tena. "Ila uje mapema. Jioni lazima niwepo, Mpishi anakuja kuchukua viatu, na hiki bado hakijapakwa rangi."

Fundi alikivua kile kiatu kidogo, akakitumbukiza ndani ya kiatu cha Mpishi ili kisipotee, akaviacha mezani, sindano ikisubiri kwenye kona ya kisigino.